Kubadhi la Mkono Wako: Wasia kwa Wanaotaka Kujishonea Viatu Nyumbani

Swali hili nimeulizwa barazani, nimeulizwa sokoni, na nimeulizwa kwa barua mara nyingi hata sasa naona haya kumjibu mtu mmoja mmoja na kuwaacha wengine: je, mtu asiye fundi, asiye na cherehani ya ngozi wala kalibu, aweza kukaa nyumbani kwake akajishonea viatu vya kuvaliwa njiani, si vya kutundikwa ukutani? Jibu langu ni kwamba aweza, maadamu ameridhia mashuruti mawili: kwanza, aanze na makubadhi, asianze na viatu vya kufunika mguu, na pili, akubali kutumia zaidi ya nusu ya muda wake katika kupima, kabla kisu hakijagusa ngozi, kwani makosa mengi niliyoyaona katika viatu vya wanagenzi, na yangu mwenyewe nayahesabu humo, hayakufanywa na sindano bali na penseli.

Kwa nini makubadhi

Kiatu cha kufunika mguu hujengwa juu ya kalibu, yaani umbo la mti au la plastiki lililo mfano wa mguu, na ngozi yake huvutwa juu ya umbo hilo ikiwa na unyevu, ikapigiliwa, ikaachwa ikauke mpaka ishike sura. Bila ya kalibu hupati kiatu, unapata mfuko. Kubadhi halina haja hiyo, kwa kuwa mguu wenyewe ndio kalibu yake: wayo wa ngozi chini, kanda mbili ubavuni, na gidamu baina ya dole gumba na kidole cha pili. Mafundi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, waliosifika pwani nzima kwa kazi ya ngozi katika karne ya 19, walishona viatu vya namna hii kwa mkono mtupu, na sioni sababu ya sisi kuwaza kwamba haviwezekani leo bila ya umeme.

Hata hivyo wako watu wawili ambao nawaomba wasubiri. Wa kwanza ni mwenye maradhi ya kisukari ambaye miguu yake imeanza kupoteza hisia: gidamu ikimchubua hatasikia, na jeraha dogo la mguu kwake si jambo dogo, kwa hiyo na atake shauri la daktari kabla ya kuvaa kiatu chochote cha kujishonea. Wa pili ni mzazi anayetaka kuanza na viatu vya mtoto, akidhani udogo wake ni wepesi wa kazi. Sivyo, mguu wa mtoto hukua hata kabla uzi haujakauka nta, na kigezo ulichokichora leo baada ya miezi mitatu hakifai tena. Anza na mguu wako.

“Lakini dukani si rahisi zaidi?”

Ni rahisi zaidi, na atakayekwambia vinginevyo anakudanganya. Jozi yako ya kwanza itakugharimu ngozi, vifaa, na siku mbili au tatu za mapumziko, na ukijumlisha yote utaona kwamba kwa fedha hiyo ungenunua kandambili za kuvaa mwaka mzima. Faida huja katika jozi ya tatu na ya nne, vifaa vikiwa tayari viko na mkono umezoea, na huja kwa sura nyingine: kiatu kilichokatwa kwa mguu wako, chenye mguu wa kulia uliopimwa kwa kulia na wa kushoto kwa kushoto, na ambacho kikikatika ukanda unajua pa kukifungua. Naongeza faida moja ambayo sikuitarajia: kiatu ulichokishona mwenyewe hukitambua mlangoni pa msikiti kwa mshono wake, hata kama mwingine ameshakitia mguuni.

Vifaa

Usinunue zaidi ya hivi kwa kuanzia:

- Kisu kifupi chenye makali ya kweli, na jiwe la kukinolea. Kisu butu ndicho kinachokata vidole, maana hulazimisha mkono kutia nguvu.
- Maharazi, yaani uma wa fundi viatu wa kutobolea ngozi.
- Sindano mbili nene, zenye ncha butu.
- Uzi mnene wa katani au wa nailoni, na kipande cha nta ya nyuki. Uzi wa nguo haufai hata ukiukunja mara nne.
- Patasi nyembamba ya kukatia nafasi za kanda.
- Nyundo yenye uso laini, msasa, rula ya chuma, na ubao wa mti laini wa kukatia juu yake.
- Kopo dogo la solusheni wanayotumia mafundi viatu.
- Karatasi ngumu au boksi la katoni, na penseli.

Mtu wa Dar es Salaam atavipata Kariakoo, na wa Nairobi asiende mbali na soko la Kariokor, penye washonaji wa makubadhi wenyewe, ambao ukiwaamkia vizuri hukuuzia na kukufundisha kwa pamoja. (Majina ya masoko hayo mawili yametoka pahala pamoja, katika kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza cha vita vya 1914 hadi 1918, ambao ni watu waliotembea sana na waliovaa viatu haba.)

Kuchagua ngozi

Ngozi huhifadhiwa isioze kwa njia mbili kubwa. Njia ya kale ni ya magamba ya miti: pwani watu walitumia gome la mkoko, na bara likatumika gome la mwati, mti uliopandwa kwa wingi Njombe na katika nyanda za juu za Kenya kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Njia ya pili ni ya chumvi za kromu, ambayo ni ya haraka, na ngozi yake ni laini, yenye kuvutika, na haiogopi maji sana. Kwa wayo wa kubadhi nataka ile ya magamba, kwa sababu ni ngumu, hushika sura ya unyayo kadiri unavyoivaa, na kingo zake hung'aa zikisuguliwa. Ya kromu haikubali kung'arishwa kingo hata ukeshe.

Muuzaji huenda asijue anachouza, kwa hiyo jipimie mwenyewe:

- Tazama ukingo uliokatwa. Ukiwa wa kahawia tangu juu hata chini, aghalabu ni ya magamba. Ukiona katikati pana rangi ya kijivu au ya samawati, ni ya kromu.
- Dondosha tone la maji upande wa juu. Ngozi ya magamba isiyopakwa rangi hulinywa tone na kuwa nyeusi pale pale. Ya kromu huliacha limekaa.
- Ikunje. Ikipasuka upande wa manyoya, irudishe. Imekauka na kufa.

Wako wanaopima kwa kuchoma kipande na kutazama majivu. Nakukataza, kama ninavyokukataza kutupa mabaki ya ngozi ya kromu katika jiko la mkaa, kwa kuwa moshi wake ni sumu na jikoni hupikwa chakula cha watu.

Unene: wayo wa juu milimita 3 hadi 4, kanda milimita 2 na kidogo. Ngozi ya mbuzi ni nzuri kwa bitana, lakini si ya wayo. Na katika ngozi ya ng'ombe ujue kwamba mgongo ndio wenye nguvu, tumbo ndilo legevu. Basi wayo na kanda vyote vitoke mgongoni, na kanda zikatwe kufuata mstari wa kutoka kichwani kwenda mkiani, kwa maana ukanda uliokatwa kinyume chake huvutika mpaka ukawa kamba ya kuanikia nguo.

Kupima mguu

Hapa natua, na nakuomba utue pamoja nami.

Pima jioni, wala si asubuhi, kwani mguu huvimba kidogo kwa kutwa nzima ya kutembea, na kiatu kilichopimwa alfajiri hubana adhuhuri. Simama juu ya karatasi kwa miguu yote miwili, uzito umegawanyika sawa. Usikae kitini, kwa sababu mguu uliokaa ni mfupi na mwembamba kuliko mguu uliosimama. Mtafute mtu akuchoree, maana ukiinama kujichorea mwenyewe uzito husogea mbele na mchoro ukaharibika. Penseli isimame wima kama mlingoti. Ikilala kwenda ndani, hasa pale chini ya upinde wa mguu, mstari huingia chini ya unyayo na kigezo kikatoka chembamba. Ikilala kwenda nje, utapata wayo mpana kama wa bata.

Chora miguu yote miwili, kwa kuwa ni nadra ikalingana. Kisha, kabla hujauinua mguu, tia alama tatu:

1. Shina la uwazi baina ya dole gumba na kidole cha pili, ambapo gidamu itatokea.
2. Ubavu wa ndani, upana wa vidole viwili mbele ya kifundo.
3. Ubavu wa nje, vivyo hivyo.

Alama ya kwanza ndiyo yenye hukumu kubwa. Ikisogea mbele, mguu nao husogea mbele na vidole vikachungulia nje ya kiatu. Ikirudi nyuma, kisigino huning'inia. Milimita 5 za kosa utazihisi kila hatua.

Sasa ongeza nafasi kuzunguka mchoro: milimita 5 ubavuni na kisiginoni, 8 hadi 10 mbele ya vidole. Ila pale zitakapoingia kanda, ongeza milimita 10 hata ubavuni, na sababu yake ni hii: nafasi ya ukanda yapasa kukaa juu ya mstari wenyewe wa mguu ili ukanda uukumbatie, na mshono wa soli utapita nje ya nafasi hiyo, kwa hiyo lazima pawe na ngozi ya kuupitisha. Wengi husahau, na siku ya kushona wakaona sindano inatokea katikati ya ukanda.

Kisha lainisha mchoro, usiufuate kila kidole kama ramani ya visiwa, ukate katoni, ukisimamie, utazame.

“Mimi huvaa nambari 42, kwa nini nisikate kwa nambari?” Kwa sababu nambari ile ni ya kalibu, si ya mguu wako: katika hesabu ya Ulaya kila nambari moja ni theluthi mbili za sentimita, na 42 humaanisha kalibu ya sentimita 28, ambayo tayari imeongezewa nafasi kwa kadiri kiwanda kilivyopenda. Isahau nambari.

Kukata

Laza kigezo juu ya ngozi upande wa manyoya, uchore kwa penseli bila kukandamiza, kisha ukate kwa mikato miwili au mitatu ya kisu kilichosimama wima, huku mkono wa pili ukiwa nyuma ya makali daima, kamwe usiwe mbele yake.

Kama umeamua kutumia kigezo kimoja kwa miguu yote miwili, kigeuze kabla ya kuchora wa pili. Naandika jambo hili ambalo hata mtoto angelijua kwa sababu mimi mwenyewe, nikiwa na ngozi nzuri niliyoinunua kwa fedha ya mwezi mzima, nilikata nyayo mbili safi, zenye kingo zisizo na dosari, nikaziweka sakafuni nizitazame kwa fahari, nikakuta zote mbili ni za kushoto. Tangu siku hiyo kila kigezo changu kina neno KULIA au KUSHOTO kwa herufi kubwa, na neno JUU.

Nafasi za kanda zikatwe kwa patasi, kwa upana wa ukanda wenyewe na si zaidi, na miishoni mwa kila nafasi toboa kitundu kidogo cha mviringo, kwani mkato wenye pembe kali huendelea kupasuka wenyewe, lakini mkato ulioishia katika tundu hukoma hapo.

Kanda na gidamu

Kanda ziwe na upana wa milimita 15 hadi 20. Gidamu iwe nyembamba, milimita 8 hivi, na kingo zake zisuguliwe kwa msasa mpaka ziwe za mviringo, kwa kuwa ndiyo inayokaa penye ngozi nyororo kuliko zote za mguu.

Kabla ya kuzitia mahali pake, zivute zimalize kuvutika. Ziloweke katika maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi, uzitundike kivulini usiku mmoja, na kila moja uifunge pakiti ya unga ya kilo 2. Aliyeiruka hatua hii huvaa makubadhi yanayomkaa sawasawa asubuhi, na kabla ya magharibi huwa anayakokota.

Zikishakauka, zipitishe katika nafasi zake, ukivaa mguuni, na uzishike chini kwa misumari midogo ya muda. Tembea juu ya mkeka hatua 50. Usiridhike kwa kusimama tu. Tazama:

- Kisigino kinahamia upande? Ukanda mmoja ni mrefu kuliko mwenzake.
- Vidole vinakamata kiatu kama ndege akamatavyo tawi? Kanda zimelegea.
- Pana alama nyekundu juu ya mguu? Zimekaza mno, ingawa mkazo kidogo wakati huu ni heri kuliko ulegevu, kwa sababu ngozi itaachia na haitarudi.

Ukisharidhika, acha milimita 30 za kila ukanda chini ya wayo, uzipunguze unene upande wa nyama kwa kisu mpaka mwishoni ziwe nyembamba kama karatasi nene, uzikunje kuelekea ndani, uzitie solusheni, na uzishone mishono mitatu au minne. Usipozipunguza unene utatembea juu ya vijiwe siku zote za maisha ya kiatu hicho.

Soli ya chini

Shiti ya raba ya milimita 5 yatosha. Wako watakaotaka tairi, kama katambuga za Tanzania na akala za Kenya, na sina neno nalo, ila chagua tairi kuukuu la nyuzi za nailoni. Tairi lenye nyaya za chuma ndani yake halikatiki kwa kisu cha nyumbani, na wembamba wa nyaya zile hutokeza baadaye ukachoma unyayo. Kisu kichovye katika maji ya sabuni, nayo raba itakipisha.

Kata soli iwe kubwa kuliko wayo kwa milimita 3 kila upande, utaisawazisha baadaye. Kwaruza nyuso zote mbili kwa msasa mpaka ziwe na vumbi, upanguse, upake solusheni safu nyembamba, ungoje dakika 15, upake safu ya pili, ungoje tena mpaka ukiigusa haishiki kidole. Papara ya wengi ni kuunganisha ikiwa ingali mbichi. Anzia kisiginoni kwenda mbele, kwa kuwa zikishagusana hazirudi nyuma, kisha ugonge kwa nyundo pote.

Solusheni ina moshi usioonekana, unaolewesha na unaoshika moto. Fanya kazi hii uani au dirishani, mbali na jiko, mbali na sigara, na kopo lifungwe papo hapo na kuwekwa pasipofikiwa na watoto.

Sasa mshono. Chora mstari milimita 5 kutoka ukingoni, na chini ya soli chimba mfereji mwembamba ili uzi uzame usisagwe na njia. Toboa kwa uma kila milimita 6. Uzi mmoja, sindano mbili, kila ncha na yake: kila tundu hupita sindano zote mbili, moja kutoka juu na moja kutoka chini, hivi kwamba uzi ukikatika upande mmoja, wa pili huendelea kushika. Paka uzi nta kwanza. Kuhusu urefu wake, waliojifunza kwa kushona mikoba huchukua mara nne ya mzingo na wakaishiwa njiani, kwa maana hapa uzi hupenya milimita 9 za ngozi na raba kila tundu. Chukua mara sita: mzingo wa sentimita 65 wataka karibu mita 4, na kwa kuwa mikono ya mwanadamu haifiki huko kwa raha, gawa mara mbili na uunganishe kisiginoni.

Kumaliza, na wiki ya kwanza

Sawazisha kingo kwa kisu na msasa, zilowanishe kidogo, uzisugue kwa mti laini mpaka zing'ae. Ngozi ipake mafuta ya nyonyo, tone kwa tone, kwa kitambaa. Mafuta mengi huifanya kuwa laini kama mkate uliochovywa.

Wiki ya kwanza vaa saa moja au mbili kwa siku, ndani ya nyumba. Gidamu itachubua kidogo kwa mtu asiyezoea. Ikichubua sana, ivue uisugue tena, usivumilie kwa ushujaa. Makubadhi yakinyeshewa, yajaze magazeti na kuyaweka kivulini, wala usiyaanike juani au karibu na moto, kwani ngozi iliyokaushwa kwa haraka hupasuka, na ufa wake hauna dawa.

Kitakachokatika mwanzo ni gidamu, aghalabu chini ya tundu. Ndiyo sababu nashauri ukate gidamu nne siku ile ile unayokata mbili, zote kutoka kipande kimoja cha ngozi, na hizo za akiba uzifunge pamoja na vigezo vyako katika bahasha, ukiandika juu yake jina la mwenye mguu na tarehe ya kipimo, kwa maana haitapita wiki kabla mtu wa nyumbani mwako hajakaa kitini, akanyosha mguu na kusema kwamba na yeye apimwe. Mwambie asimame.